Stelingi Hafi, Hadhira Inacheka

Leo nakupeleka Miami, Marekani, kwa muuaji mmoja wa televisheni ambaye kwa miaka saba aliwanyima watu usingizi, na usiku wa kuagana nao akawavunja mbavu bila kukusudia. Jina lake Dexter Morgan. Kama hukuwahi kumwona, usihame stesheni, nitakusimulia kwa kifupi. Tahadhari ni moja: nitautaja mwisho wa tamthilia yake, na wa nyingine mbili. Asiyetaka kuujua aende akachote maji, arudi baada ya robo saa.

Tamthilia ya Dexter ilianza tarehe 1 Oktoba 2006 kwenye kituo cha Showtime, ikitokana na riwaya ya Jeff Lindsay. Mchana Dexter, anayeigizwa na Michael C. Hall, ni mtumishi wa polisi. Kazi yake ni kusoma michirizi ya damu mahali alipouawa mtu na kueleza kisu kilitoka upande gani. Usiku yeye mwenyewe ndiye mwenye kisu. Lakini haui ovyo. Baba yake wa kumlea, Harry, naye polisi, aligundua mapema kwamba kijana huyu ana kiu ya damu isiyotibika, akamwekea masharti: uwaue wale tu walioua wenzao wakaponyoka sheria, na usikamatwe. Dada yake Debra yuko kikosi kilekile cha polisi na mwanzoni hajui lolote. Mtazamaji anajikuta pabaya. Anamwombea muuaji asikamatwe, na wakati huohuo anajua kwamba haki ikitendeka lazima akamatwe.

Hapo ndipo utamu ulipokuwa, na kwa misimu minne ulikolea. Desemba 2009, mwishoni mwa msimu wa nne, Dexter anarudi nyumbani akidhani amemaliza kazi ya kumwangamiza muuaji hatari kuliko wote aliokutana nao, ambaye John Lithgow alimwigiza kwa ustadi wa kutisha. Anamkuta mke wake, Rita, amekufa ndani ya beseni la kuogea, na mtoto wao mchanga amekaa sakafuni kwenye damu ya mama yake. Usiku ule hakuna aliyecheka. Waandishi walikuwa wametamka sheria ya hadithi yao waziwazi: mchezo huu una bei, na bei hiyo wanailipa wapendwa wa Dexter.

Sasa tuje Jumapili ya tarehe 22 Septemba 2013, sehemu ya mwisho ya msimu wa nane. Kimbunga kinaukaribia mji. Debra amepigwa risasi, akafanyiwa upasuaji, akapata kiharusi, na madaktari wanasema hatazinduka tena. Muuaji aliyempiga risasi yumo mahabusu. Dexter anaingia kumwona, anaweka kalamu mezani, jamaa anaidaka na kumchoma nayo begani, naye Dexter anaichomoa begani na kumrudishia shingoni. Mtu amekufa mikononi mwa polisi. Wenzake Dexter wanatazama picha za kamera, wanatikisa kichwa, wanamwambia aende zake. Mjadala umefungwa.

Kisha anakwenda hospitali. Wagonjwa wanahamishwa kwa sababu ya kimbunga, watu wamejaa korido. Dexter anazima mashine zinazompumulia dada yake, anausukuma mwili kwenye kitanda cha magurudumu mpaka nje, na kuupakia kwenye boti yake. Hakuna nesi aliyeuliza, wala mlinzi, wala mpita njia. Baharini anauzamisha mwili, mahali alikokuwa akitupa mifuko ya watu aliowaua, kisha anaielekeza boti kwenye kimbunga na kuikanyagia moto. Boti inapatikana vipande vipande. Mpenzi wake Hannah, ambaye anatafutwa na polisi kwa kuwapa watu sumu, anaisoma habari hiyo akiwa Argentina na mtoto wa Dexter, anafuta machozi, anamchukua mtoto wakale aiskrimu.

Unadhani yameisha? Skrini inafunguka tena. Tuko kwenye msitu wa Oregon, upande wa pili wa Marekani. Magogo yanapakiwa. Mfanyakazi mmoja mwenye ndevu anashuka, anaingia kwenye chumba chake kitupu, anakaa kwenye kiti na kututazama usoni. Ni Dexter. Hakufa, hakukamatwa. Amekuwa mkata magogo.

Watu milioni 2.8 waliitazama sehemu hiyo usiku ule, na Dexter haikuwa imewahi kupata idadi kama hiyo. Vicheko havikusubiri asubuhi. Wengine walikumbuka kichekesho cha zamani cha kundi la Monty Python la Uingereza kuhusu mkata miti, na wakamvika Dexter vazi la mkata miti huyo. Wengine wakajifanya wapelelezi wa zile ndevu: je, alinyolewa na kimbunga kwanza, au zilimwota akiwa anaogelea? Wakauliza hospitali ile inapatikana wapi, maana wana wagonjwa wao wangependa kuwatoa bila kulipa bili. Kwenye utani huo yalikuwamo maswali yasiyo na utani ndani yake. Mtu anayesema anampenda mwanawe, anawezaje kumwachia mwanamke mwenye sumu mkononi na polisi mgongoni? Na wakuu wa polisi waliofanya naye kazi miaka yote hiyo, kwa nini hawakupewa hata dakika tano za kujua walikuwa wakiishi na nani?

Niwatendee haki waandishi. Walichotaka kusema si upuuzi. Dexter ameamini kwamba kila anayempenda anaangamia kwa sababu yake, basi anajihukumu mwenyewe kifungo cha upweke. Na sauti yake ya ndani, ile iliyotuongoza tangu siku ya kwanza, katika chumba kile haisemi neno. Mwandishi akikusimulia jambo hilo mkiwa mnakunywa kahawa, utalikubali. Kwenye skrini halikukubalika. Palipopangwa kilio pakatoka kicheko, na hapo ndipo penye somo la jioni ya leo.

Watu husema watazamaji walicheka kwa sababu mambo yale hayawezekani. Sikubaliani nao. Hadhira haijawahi kudai yanayowezekana. Wazee wetu walipokaa kusikiliza hadithi, walimjibu msimulizi: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Ni mkataba ule. Msimulizi ameruhusiwa kudanganya kabla hajafumbua kinywa. Sungura aongee, jini aoe binti wa mfalme, mtu amezwe na zimwi akatoke mzima, hakuna atakayenuna. Anachodaiwa ni utamu, na utamu haukolei msimulizi akisahau mwenyewe alichokisema jioni ilipoanza. Ukituambia jini huyu hawezi kuvuka maji, usimvushe mto mwishoni kwa sababu umechoka na unataka kwenda kulala. Watoto watakuwa wa kwanza kukucheka.

Ushahidi wangu ulikuja wiki moja tu baadaye. Tarehe 29 Septemba 2013, tamthilia nyingine ya Marekani, Breaking Bad ya Vince Gilligan, ilifikia mwisho wake mbele ya watazamaji milioni 10.3. Walter White, mwalimu wa kemia aliyegeuka mpishi wa dawa za kulevya, anakwenda kwa genge la majambazi na bunduki ya rashasha ndani ya buti ya gari. Bunduki imefungwa kwenye mtambo alioutengeneza kwa mota ya mlango wa gereji. Anabonyeza rimoti ya funguo za gari, buti inafunguka, bunduki inazunguka yenyewe na kufyeka nyumba nzima. Niambie, hilo nalo linawezekana? Gari liegeshwe pembe ileile inayotakiwa, majambazi wakae chumba kilekile, bunduki isikwame? Ukiliweka kwenye mizani na yale ya Dexter hospitalini, sijui lipi litazidi kwa uongo. Lakini watu walishangilia.

Walishangilia kwa sababu uongo ule uliletwa kwa miguu yake. Julai 2012 walishamwona Walter akiinunua bunduki ile kwenye maegesho ya mgahawa, na zaidi ya mwaka mzima walikuwa wakijiuliza anampelekea nani. Walimwona mwalimu wa sayansi akijiokoa kwa sayansi tangu msimu wa kwanza. Tena risasi zile hazikumwacha. Zilimpata naye, akafa sakafuni kwenye maabara, kati ya mitungi aliyoipenda kuliko familia yake. Deni lililofunguliwa siku ya kwanza lililipwa siku ya mwisho. Dexter alifungua deni kubwa kuliko hilo, akatorokea msituni.

Waliokulia kwenye mabanda ya video wanaijua sheria moja ya zamani: stelingi hafi. Risasi zinampita kushoto na kulia, adui mia wanaanguka, yeye anafuta vumbi begani. Wasimulizi wa filamu, kina Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya, wamekula na kuvaa kwa sheria hiyo, na hadhira yao imeifurahia kwa sababu ilitangazwa tangu dakika ya kwanza. Kila anayelipa kiingilio anajua amekuja kumwona mtu asiyekufa. Dexter haikuwa filamu ya namna hiyo. Kwa beseni lile la damu ilikuwa imekwisha kutuapia kwamba humu ndani watu hulipa. Halafu usiku wa mwisho, kimbunga kimeivunja boti, ghafla mhusika amekuwa stelingi. Kilichochekesha ni kule kubadilisha sheria mchezo ukiwa umebaki dakika tatu.

Kwa nini waibadilishe? Mmoja wa watayarishaji, John Goldwyn, alisema hadharani baada ya tamthilia kwisha kwamba Showtime hawakuwa tayari Dexter auawe. Naye Clyde Phillips, aliyeiongoza kwa misimu minne ya mwanzo kabla hajaondoka, alieleza mwisho ambao yeye angeuandika: Dexter amelazwa kwenye kitanda cha kutekelezea hukumu ya kifo cha jimbo la Florida, dawa ya mauti inasubiri, na ng'ambo ya kioo wamekaa wote aliowaua, wanamtazama. Ufikirie mwisho huo, kisha umfikirie yule mkata magogo. Mmoja umeandikwa na mtu aliyetaka kumaliza. Mwingine umetoka kwenye kikao ambacho kulikuwa na mtu anayehesabu faida ya kutomaliza.

Na sisi watu wa redio tusijifanye wageni katika hili. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Alikuwamo dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mtu wa anasa, mwenye mwanamke kila kituo, na mke wake Tunu anahangaika nyumbani. Mhusika wa namna hiyo ni mali kwa mwandishi. Anachekesha, anaudhi, watu wanamsubiri. Wangeweza kumtubisha upesi, wakampa dawa ya miujiza, akaendelea kuendesha lori lake miaka mingine kumi. Lakini mchezo ulikuwa umesema tangu mwanzo kwamba njia hiyo inaelekea kwenye UKIMWI, na Mkwaju akaugua, akafa. Waandishi walikubali kumpoteza mhusika wao ili wasimdanganye msikilizaji. Mchezo ule ulikuwa na bajeti ya redio. Kampuni yenye mamilioni ya dola ilishindwa kufanya jambo hilohilo.

Turudi kwa watazamaji, maana ndio ninaowatetea leo. Miaka sita baada ya Dexter, kicheko kikubwa zaidi kiliisubiri tamthilia ya Game of Thrones ya HBO. Sehemu ya mwisho ilirushwa Marekani usiku wa tarehe 19 Mei 2019; kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa kumi alfajiri ya Jumatatu, na wako walioamka mapema kuliko mwadhini. Jon Snow anamchoma kisu malkia Daenerys aliyekuwa mpenzi wake. Joka la malkia linafika, linamwona maiti, linamwona na muuaji amesimama palepale. Tulijua joka lile linateketeza kila kitu. Likaunguza kiti cha enzi, chuma kikayeyuka, muuaji halikumgusa. Watu wakauliza joka lilisomea wapi siasa, likajua kwamba tatizo ni uchu wa madaraka. Kisha wakubwa wa nchi wakaketi, na mfungwa mwenye pingu mikononi akawahutubia kwamba anayefaa kuwa mfalme ni Bran, kwa kuwa hakuna mwenye hadithi nzuri kumshinda. Bran, ambaye msimu mzima wa tano hakuonekana hata mara moja.

Marekani peke yake, watu milioni 19.3 waliitazama usiku ule, na vicheko vikalingana na idadi hiyo. Vilishaanza wiki mbili kabla, kikombe cha kahawa cha karatasi kiliposahauliwa mezani kwenye karamu ya watu wa kale. Na katika sehemu ya mwisho chupa za maji za plastiki zikaonekana miguuni mwa waheshimiwa. Kikombe ni ajali ya kazi. Kilichokifanya kichekeshe kiasi kile ni kwamba watu walishahisi hata kalamu ya mwandishi inasahau vitu mezani.

Lakini hapo watazamaji walifanya jambo la pili, ambalo siliungi mkono. Zaidi ya watu milioni moja na nusu walitia saini ombi la kutaka msimu wote wa nane uandikwe na kupigwa upya. Kucheka ni haki ya hadhira. Ndiyo hukumu yake, na haihitaji wakili. Kumwamuru msimulizi arudie hadithi mpaka uridhike ni jambo jingine kabisa. Hadithi iliyokwisha imekwisha, hata ikiisha vibaya. Ukimlazimisha airudie, unamfundisha kwamba hakuna mwisho wowote ulio mwisho, na hilo ndilo kosa lililoleta mkata magogo.

Usidhani nabuni. Dexter walirudia. Michael C. Hall mwenyewe alikiri kwamba watu hawakuridhika na ule mwisho, na Novemba 2021 akarudi katika mfululizo mpya, Clyde Phillips akiuongoza. Dexter anaishi kwenye mji mdogo wa theluji, jimbo la New York, kwa jina la bandia, na mwanawe aliyemtelekeza anamfuata. Tarehe 9 Januari 2022 mtoto huyo anampiga baba risasi ya kifua kwenye theluji, naye anakufa. Haya, amelipa. Wako walionung'unika tena kwamba mambo yameharakishwa, lakini angalau deni lilifungwa. Lilifungwa kwa muda. Julai 2025 ukatoka mfululizo mwingine, na katika huo tunaambiwa hakufa: baridi ile ilizuia damu isimwishe, akalala hospitalini, akazinduka. Na watu wakaupokea vizuri, nami siwalaumu. Mwigizaji ni hodari na usiku ni mrefu. Lakini niambie, Dexter akipigwa risasi tena kesho, moyo wako utashtuka? Walichouza ni mshtuko huo, na hakuna msimu mpya utakaoununua tena.

Nalisema hili kwa sababu tamthilia za Kiswahili sasa ni nyingi kuliko wakati wowote. Watu wamezifuata Maria na Zora kwenye Citizen ya Kenya, wameifuata Huba kwenye Maisha Magic Bongo, jioni baada ya jioni. Waandishi wetu wanakutana na kishawishi kilekile cha Showtime. Watazamaji wapo, wadhamini wapo, basi kwa nini hadithi iishe? Mwenye kituo atawaambia mhusika fulani asiguswe kwa sababu tangazo la sabuni linamtegemea. Ushauri wangu kwenu, ndugu waandishi, ni kwamba mwandike ukurasa wa mwisho kabla hamjatia saini mkataba wa msimu wa pili, na mpiganie ukurasa huo kuliko mnavyopigania posho. Mhusika mliyesema atalipa, alipe.

Nawe msikilizaji, usione haya kucheka mwisho mbovu. Anayecheka ni yule aliyefuatilia mpaka mwisho na kukumbuka kila kilichoahidiwa. Asiyejali alishazima televisheni msimu wa tatu. Cheka, waambie jirani zako kwa nini umecheka, kisha tafuta hadithi nyingine. Lakini usitie saini ombi la kumfufua mtu. Mimi nimemaliza, na sina msimu wa pili wa mazungumzo haya. Usiku mwema.